Chui aliyekula majani

WIKI chache zilizopita nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mada ya dharura katika fiqhi. Wanafunzi huipenda mada hii kwa sababu ni mahali ambapo haramu hugeuka halali mbele ya macho yao: nyamafu, nguruwe, hata neno la kufuru likimtoka mdomoni mtu aliyewekewa upanga shingoni. Kila mwaka maswali ni yale yale. Huyu atauliza, mtu akipotea porini asipate chakula ila nguruwe, ale ashibe au ale tu asife? Yule atauliza habari ya kiu na pombe. Nami ninayo majibu yangu, nimeyaandika katika daftari la maandalio tangu mwaka wa kwanza wa kazi, nayasoma kama yalivyo.

Mwaka huu nikaona nibadilishe. Nikaliacha daftari mezani, nikawasimulia kisa cha chui mmoja kilichotungwa na mwandishi wa Syria aitwaye Zakaria Tamer. Darasa zima lilicheka, kisha katikati ya kisa kicheko kikapungua, na nilipomaliza kukawa kimya. Nikadhani somo limeingia. Ndipo binti mmoja anayekaa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, na wale wanafunzi? Siku zote kumi walikuwa wanafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kipindi kimekwisha, na kwa bahati kengele ilikuwa imelia kweli. Lakini swali lile nililibeba mpaka nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Zakaria Tamer ni nani? Si mwanachuoni wa dini, na nisingependa msomaji atafute vitabu vyake akidhani atakuta mawaidha. Alizaliwa Damascus mwaka 1931. Shule aliiacha mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 13, akaenda kufanya kazi ya uhunzi. Elimu yake aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1960, na uandishi wake karibu wote umebaki katika hadithi fupi, za wakubwa na za watoto, nyingi zikiwa kurasa chache tu, nyingine hazijazi hata ukurasa mmoja. Katika hadithi hizo maiti husimama wakajibu mashitaka, wanyama hujadiliana na watu, polisi huingia makaburini na hati ya kukamata, na yote husimuliwa kwa sauti ile ile tulivu kama ya karani anayesoma orodha. Unacheka kwanza, halafu unaona haya kuwa umecheka. Jina lake la ukoo kwa Kiarabu lina maana ya mtu mwenye tende nyingi, jambo linalonichekesha kila nikikumbuka jinsi alivyoandika habari za njaa.

Mimi nilikutana naye Khartoum, nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza, miaka mingi kabla ya vita vilivyoanza huko Aprili 2023. Mwalimu wetu wa lugha alikuwa akitupa hadithi zake kwa sababu sentensi zake ni fupi na hazimpeleki mgeni kwenye kamusi kila mstari. Tulikuwa tukizisoma bwenini usiku kwa sauti, tukicheka, mpaka siku moja Msudani mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja akatuuliza kwa upole kama tunakijua tunachokicheka.

Kisa cha chui kimo katika kitabu cha mwaka 1978. Waliokifasiri kwa Kiingereza wamemfanya yule mnyama mkubwa wa Asia mwenye milia. Kwa Kiarabu neno namiri humhusu chui pia, nami nitamwita chui, kwa kuwa ndiye tunayemjua sisi.

Chui amekamatwa porini, amewekwa katika kizimba. Mbele ya kizimba amesimama mfundishaji wa wanyama, na nyuma yake wanafunzi wake waliokuja kujifunza kazi hiyo. Mfundishaji anawaambia kuwa kazi ni ngumu na ni rahisi kwa wakati mmoja, na siri yake moja: wasisahau kamwe kwamba shabaha ya kwanza ni tumbo la mpinzani. Siku ya kwanza chui anadai chakula kwa amri, kama mwenyewe. Anaambiwa yeye sasa ni mfungwa, na mwenye chakula ndiye mwenye kuamrisha. Anakataa. Analala na njaa.

Siku ya pili anatakiwa akiri tu kuwa ana njaa. Anakiri, anapewa nyama tele. Angalia, msomaji, hapa chui hajasema uongo hata chembe. Njaa anayo. Siku ya tatu anatakiwa asimame akiambiwa simama. Jambo dogo, anasimama, anakula. Siku ya nne mfundishaji akifika, chui mwenyewe ndiye anayeanza: ana njaa, basi na aamrishwe asimame. Mfundishaji anafurahi kuwa mpinzani ameanza kuzipenda amri, kisha anapandisha bei. Leo atakula akilia kama paka. Chui anameza hasira, anajiambia huo utakuwa mchezo tu, analia. Haikufaa, anaambiwa huko ni kunguruma, anaachwa na njaa. Siku ya tano analia vizuri, anapigiwa makofi na nyama anapewa. Siku ya sita anaanza kulia kama paka kabla hajaambiwa, lakini sasa anatakiwa alie kama punda. Anaghadhibika, anasema bora afe. Mfundishaji anaondoka bila neno, wala hakasiriki. Siku ya saba chui anajaribu kulikumbuka pori, analia kama punda huku amefumba macho. Mlio haukuwa mzuri sana, lakini anatupiwa kipande cha nyama kwa huruma.

Siku ya nane ndiyo iliyowachekesha wanafunzi wangu kuliko zote. Mfundishaji anatoa hotuba, na chui anatakiwa aishangilie. Chui anasema hakuielewa. Anaambiwa kuelewa si kazi yake, kazi yake ni kustaajabu. Basi anaomba radhi kuwa yeye ni mjinga asiyesoma, anasema hotuba ilikuwa nzuri ajabu, anapiga makofi. Na mfundishaji anamwambia kuwa hapendi unafiki wala wanafiki, kwa hiyo leo atalala na njaa ili iwe adhabu. Siku ya tisa analetewa fungu la majani. Chui anasema yeye hula nyama. Anaambiwa tangu leo ni majani. Njaa inapomzidi anaonja, ladha inamchukiza, anarudi tena, na kidogo kidogo anaanza kuyapenda. Siku ya kumi mfundishaji, wanafunzi, chui na kizimba vyote vinatoweka. Chui amekuwa raia, na kizimba kimekuwa mji.

Kisa kimekwisha hapo.

Najua yupo atakayesema: ustadhi, hizi ni hadithi za kutunga, na mnyama hasemi, sasa hapa pana faida gani kwa Muislamu? Jibu langu ni fupi. Kalila na Dimna, kitabu cha wanyama wanaozungumza, kilifasiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya pili ya Hijra, na watu wa elimu wamekisoma tangu zama hizo bila kudhani kuwa mbweha wa Iraq walikuwa wanasema. Uongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwepo. Anayesimulia habari za chui aliyelia kama punda hajamdanganya mtu yeyote. Kwa upande mwingine sifichi kuwa katika vitabu vya Tamer yapo nisiyoweza kuwapa wanafunzi wangu, hasa vile vya uzeeni, ambamo mambo ya chumbani husemwa waziwazi mno. Nachagua, kama mtu anavyochagua samaki sokoni.

Mwandishi huyu ana hadithi ambayo ndani yake Tariq bin Ziyad, yule aliyevuka bahari kwenda Andalusia mwaka 711, anakamatwa na watu wa serikali akaulizwa kwa nini alichoma merikebu. Nani alimpa kibali? Je, hajui kuwa merikebu ni mali ya umma? (Wanahistoria wanabishana kama merikebu zilichomwa kweli, lakini wapelelezi wa Tamer hawana haja na wanahistoria.) Nyingine inamtoa Omar Khayyam kaburini kwenda kujibu mahakamani, kwa kuwa mashairi yake yanasifu mvinyo na nchi imepiga marufuku bidhaa za kutoka nje.

Mambo haya ni ya kuchekesha mpaka utakapojua yaliyompata mwandishi mwenyewe. Alikuwa mhariri wa jarida la al-Ma'rifa, la wizara ya utamaduni ya Syria. Mwaka 1980 alichapa humo sehemu za kitabu cha Abdurrahman al-Kawakibi kuhusu tabia za udhalimu wa watawala. Al-Kawakibi alikuwa mtu wa Halab, naye alifariki Cairo mwaka 1902. Tamer akafukuzwa kazi. Yaani aliyekuwa ametunga hadithi ya maiti kuitwa mahakamani, kalamu yake ikanyang'anywa kwa sababu ya maneno ya maiti. Mwaka 1981 akahamia Uingereza, akakaa Oxford.

Ipo hadithi moja zaidi ambayo lazima niitaje, kwa sababu mara ya kwanza iliniudhi. Timur Leng ameuzunguka mji. Wazee wa mji wanatoka kwenda kumwona, wote na ndevu zao. Timur hataki dhahabu, anataka wanyoe ndevu, la sivyo atawaua. Wanajadiliana, wanaona maisha bila ndevu hayana maana, wanakataa, na mji unachinjwa. Mimi mwenyewe nimefuga ndevu, na nilikitupa kitabu kitandani nikasema huyu naye anatuchezea. Siku za baadaye nikaisoma tena na kuona jambo ambalo hasira ilinificha. Mji ule haukuwa na ukuta uliokarabatiwa wala upanga ulionolewa. Kitu pekee walichokuwa nacho cha kumkabili Timur ni ndevu. Na kwa fiqhi ninayofundisha, watu wale walikuwa na ruhusa: mwenye kulazimishwa kwa upanga anyoe, ndevu zitaota. Tena damu za wanawake na watoto zilikuwa juu ya shingo zao. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeandika habari za chui aliyekubali kila kitu aliandika pia habari za watu wasiokubali kitu chochote, wakafa kwa ajili ya nywele. Nilipowaambia wanafunzi waziweke hadithi hizi mbili pamoja na waniambie kanuni ni ipi, walinitazama kama nimewatega.

Sasa nirudi kwenye mada. Katika Suratun-Nahl (16:106) Mwenyezi Mungu amemtoa katika adhabu ya wanaokufuru yule aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wanasema aya hiyo inamhusu Ammar bin Yasir (RA), aliyeteswa na Makuraishi baada ya wazazi wake, Yasir na Sumayya, kuuawa. Akatamka waliyotaka. Alipomwendea Mtume (SAW) akilia, aliulizwa moyo wake aliukutaje. Akasema umetulia. Akaambiwa wakirudia, naye arudie. Wanachuoni wakaweka masharti juu ya hapo: anayetishia awe na uwezo wa kutekeleza, anayetishiwa asiwe na pa kukimbilia, na linalotishiwa liwe zito na la karibu. Na wakasema hakuna kulazimishwa kunakomhalalishia mtu kumuua mwenzake ili apone yeye.

Ukichukua masharti haya na kumpima chui, unapata taabu. Fiqhi inamjua mtu aliyewekewa upanga asubuhi moja. Chui hakuwekewa upanga hata siku moja. Aliletewa nyama. Hakuna siku katika zile kumi ambayo angeweza kusema, leo nimelazimishwa, kwa kuwa kila siku alitakiwa kutoa kidogo tu zaidi ya jana, na cha jana alikwisha kukitoa. Darasani niliwauliza, alikoma kuwa chui siku ya ngapi? Wengi walisema ya saba, alipolia kama punda. Wachache walisema ya tisa. Mimi nasema ni ya nne, siku ile alipoomba mwenyewe kuamrishwa, kwa sababu hapo lililokuwa likimtoka ulimini lilikuwa limekwisha kuingia moyoni. Siku ya saba angalau alifumba macho.

Lakini kula majani peke yake si hoja, na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mwandishi wangu. Miaka zaidi ya 30 baada ya kisa kile kutoka, katika nchi yake, jambo lile likatokea bila fumbo lolote. Majeshi ya serikali ya Syria na washirika wake yaliizingira kambi ya Yarmuk na vitongoji vya Damascus tangu mwaka 2013, na mji wa Madaya mwaka 2015. Askari waliandika kutani kwamba watu wachague kupiga magoti au kufa njaa. Watu wakachemsha majani ya miti na magugu, na wengine walikufa. Mwaka 2013 masheikh wa huko walitoa fatwa ya kuruhusu kuliwa paka, mbwa na punda. Huo ndio mlango wa dharura ninaoufundisha kwa mifano ya mtu aliyepotea porini, na ilikuwa Damascus, mji wa wanachuoni. Utawala uliofanya hayo ulianguka Desemba 2024. Je, mtu aliyekula majani Madaya amekuwa yule chui? La hasha. Sijui ni nani angethubutu kumwambia hivyo mama aliyewachemshia wanawe majani.

Na kabla yao walikuwepo wengine. Mwaka wa saba tangu kupewa Utume, Makuraishi waliandika mkataba wakautundika katika Al-Kaaba: asiuziwe kitu wala asiozeshwe mtu wa Bani Hashim na Bani Muttalib, waumini na wasio waumini, mpaka wamtoe Muhammad (SAW). Wakakaa katika bonde la Abu Talib kwa muda wa miaka mitatu hivi. Walikula majani ya miti. Saad bin Abi Waqqas (RA) alipata usiku kipande cha ngozi kavu ya ngamia, akakiosha, akakichoma, akakila kwa maji. Vilio vya watoto vilisikika nje ya bonde. Mfundishaji alikuwa Abu Jahl, na kanuni ilikuwa ile ile, tumbo kwanza. Na bado waliingia humo chui wakatoka chui.

Tofauti ni nini? Niliifikiria sana. Moja ni kuwa majani yale waliyachuma wenyewe. Hayakutoka mkononi mwa Abu Jahl yakiwa na sharti. Nyingine ni kuwa hawakuwa kila mmoja na kizimba chake. Chui wa Tamer yuko peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, hana wa kumuuliza usiku kama mlio wa paka unafaa au haufai. Hizo ni sababu za ndani ya bonde. Ila iko ya tatu, nayo iko nje, na ndiyo iliyokuwa imenitoka darasani mpaka yule binti aliponirudisha.

Nje ya bonde walikuwepo watu. Hisham bin Amr alikuwa akimpakia ngamia chakula usiku, akamfikisha mdomoni mwa bonde, akamvua hatamu, akampiga ubavuni ili aingie mwenyewe. Kisha akaona haitoshi. Akamwendea Zuhayr bin Abi Umayya, akamwuliza kama anaridhika kula na kuvaa hali wajomba zake wako vile. Zuhayr akajibu jibu ambalo sote tunalijua: yeye ni mtu mmoja, angefanya nini? Hisham akamwambia wa pili ameshampata, naye ni yeye Hisham. Basi tafuta wa tatu. Akamwendea Mut'im bin Adi, akajibiwa vile vile, mimi ni mtu mmoja. Wa tatu tunaye, tafuta wa nne. Hivyo hivyo mpaka wakawa watano, wakakutana usiku, na asubuhi Zuhayr akasimama penye Al-Kaaba akasema hatakaa mpaka karatasi ile ichanwe. Walipokwenda kuichana, mchwa alikuwa ameshaila. Wakati ule hawa hawakuwa Waislamu, na Mut'im alikufa bila kusilimu. Baada ya Badr Mtume (SAW) alimkumbuka, akasema lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake.

Sasa wanafunzi wa mfundishaji walikuwa wanafanya nini siku zote kumi? Tamer hasemi walichokuwa wakifanya. Wamesimama tu. Sisi tunaosoma humwangalia chui, tunamhurumia, tunajiona ni yeye. Miaka yote nimekisoma kisa kile nikiwa chui.

Nitasema jambo, na sitaitaja shule. Kabla ya hapa nilipo nilifundisha shule nyingine, ya mtu binafsi. Mwaka mmoja mishahara ilikwama miezi mitatu. Ikaja siku ya wageni, na mwenye shule akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye ustadhi, nifungue kwa dua na nifunge kwa neno la shukurani kwa niaba ya walimu. Hakunitishia. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikafungua kwa dua. Hotuba yake ilikuwa ndefu, na nilipoinuka kushukuru nilichomeka humo na mafundisho ya Mtume (SAW) juu ya kuwashukuru watu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko makofi. Makofi angepiga mtu yeyote.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, akasimama nikiwa bado nimeshika kipaza sauti. Akauliza kwa adabu, mbele ya wageni, mishahara italipwa lini. Ukumbi ulinyamaza. Alibaki amesimama kwa muda, akitutazama sisi tuliokaa safu ya walimu, halafu akakaa. Jumatatu iliyofuata ratiba mpya ilibandikwa ofisini na jina lake halikuwemo. Tulikuwa walimu kumi na wanne. Tukatoa madaftari yetu tukainakili ratiba mpya, nami nikanakili. Kama mtu angeniuliza siku ile, ningejibu kama Zuhayr, na hakuna aliyekuja kuniambia kuwa wa pili amepatikana. Wala mimi sikwenda kwa mtu.

Baada ya swali la yule binti nilimtafuta mwalimu wa hisabati. Nilimkuta ana meza ya kuuza simu na vocha karibu na kituo cha daladala, jioni hufundisha watoto wa jirani masomo ya ziada. Nilikuwa nimebeba mchele kilo tano na mafuta, akavipokea bila kuniuliza vya nini. Tukakaa kwenye benchi nikamsimulia kisa cha chui tangu siku ya kwanza. Alicheka sana penye punda. Penye unafiki alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomaliza akaniuliza mimi niko siku ya ngapi. Nikamwambia ya nane.

Akaniambia nihesabu tena.